Kijito Kilichoitwa Sikumbuki

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nivue viatu, na sikuwa nimevaa viatu. Naanza na hilo makusudi, ninyi vijana mnaoniuliza kazi ya msaidizi wa uwandani ilikuwaje enzi zetu. Mkubwa anatoa amri aliyoisoma kwenye kitabu, wewe unasimama mbele yake na miguu yako mitupu, mnangojana mpaka mmoja aangalie chini.

Mwenye amri alikuwa Mkuu wa Kituo wa kwanza, Daktari wa misitu, mtu wa bara, sauti kubwa, tumbo lisiloyaweza maji ya huku. Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati na mahema mawili, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtumbwi kutoka Mohoro, pale maji ya Rufiji yanapoanza kuwa na chumvi mdomoni. Chuo kikuu chetu, ambacho jina lake naliacha, kilikuwa kimekubaliana na chuo cha nje, ambacho jina lake mpaka leo sijaweza kulitamka.

Mimi naitwa Shamte. Nilisoma mpaka darasa la nne hapohapo Mohoro, nikaacha kwa sababu mwalimu alihamishwa na mimi sikuhamishwa. Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari. Atakayekuja kuyapiga chapa asahihishe herufi, maneno ayaache. Nimeshaona watu wakisahihisha maneno.

Kabla ya kituo nilikuwa mkata boriti, ile miti ya mikoko inayojengea nyumba. Kazi ile ndiyo shule yangu hasa. Nilijua mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa mnyoofu, mchu ambao mizizi yake imesimama topeni kama misumari, mkomafi wenye tunda la kumvunja mtu kichwa, na msikundazi ambao mbegu yake ina mkuku, ule uti wa chini, kama wa jahazi. Nilijua pia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na maji mafu, yale yasiyo na nguvu ya kukutoa ulikokwama. Daktari alijua miti kwa majina ya Kilatini. Maji hakuyajua kwa jina lolote. Ndiyo maana aliniajiri.

"Shamte," aliniambia siku ile, baada ya habari ya viatu kwisha, "huu ni mpango wa kubadilishana. Wanafunzi na wahadhiri wao wanakuja kwetu, wanafunzi na wahadhiri wetu wanakwenda kwao. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mkuu. Wao naona wamekuja. Wetu wamekwenda lini?"

"Watakwenda."

"Lini, Mkuu?"

"Shika pondo."

Nikashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Lakini lile neno lilinikaa kooni. Kwetu Mohoro, kubadilishana ni mimi nimekuja na samaki, wewe umekuja na mpunga, tumeweka vyote chini, tunatazamana. Nikifungua kikapu changu, nawe unafungua chako saa hiyohiyo. Mmoja akileta leo na mwenzake akasema "watakwenda", hilo lina jina lake jingine.

Sasa niwaeleze kwa nini nilikuwa mwoga wa watu wenye kalamu, maana wengine mtasema Shamte alikuwa na roho mbaya tu. Mama yangu alikuwa na shamba la mpunga ndani kabisa ya delta, kwenye kijito chembamba. Alilisafisha yeye na dada zake, kwa shoka, kabla mimi sijazaliwa. Mpunga ule ndio uliotulea. Ila kwenye ramani pale paliandikwa msitu wa hifadhi, na kila baada ya miaka kadhaa zilipita habari kwamba waliomo wataondolewa. Habari zile zilianza namna moja siku zote: kwanza amekuja mtu mpole na daftari, kauliza hapa panaitwaje, pale panaitwaje. Mama alituambia tungali wadogo, "Mtu akikuuliza njia mwonyeshe. Akikuuliza jina la mahali huku ameshika kalamu, wewe ni mtoto, hujui kitu."

Basi siku ileile ya kwanza Daktari alilala hemani na tumbo lake, nikatoka na Profesa mgeni na wanafunzi wake wawili. Profesa huyu alikuwa mrefu, shingo nyekundu, na utepe wa kupimia ulining'inia kiunoni mwake kutwa, hata akila. Watu wakamwita Bwana Utepe, na yeye akalipenda jina. Kiswahili alikisoma kitabuni, alikisema polepole kama mtu anayevuka kwenye gogo.

Tukaenda tukipita, na mimi moyoni naomba maji yatupeleke kwingine. Hayakutupeleka kwingine. Mtumbwi wenyewe ukaingia kwenye kijito cha mama yangu, kama punda anayejua nyumbani. Bwana Utepe akapaona pazuri. Mikoko mikubwa kando, na nyuma yake, kama ungekwenda hatua mia, mpunga. Hakwenda hatua mia. Akatoa daftari.

"Mzee Shamte," akasema, na mimi wakati huo sikuwa mzee hata kidogo, "hapa, jina, ni nini?"

Nikamwambia, "Sikumbuki."

Akatabasamu. "Sikumbuki," akasema, akaandika. Akaisoma tena kwa sauti, "Si-ku-mbu-ki. Asante. Jina zuri."

Mmoja wa wale wanafunzi, binti, akatoa kibao cha bati na msumari, akachonga herufi kwa ncha ya chuma, akakigongomea kwenye mkoko. Nikalitazama jibu langu limekuwa jina la kijiografia. Jina la kweli la kijito kile sitaliandika hapa, msijisumbue kulitafuta huko mbele.

Nieleze kazi yenyewe, maana ndiyo mliyoniuliza. Ploti ni kipande cha msitu kilichopimwa pande nne na kuzungushiwa kamba. Ndani yake kila mti unapimwa kipenyo usawa wa kifua, na hapo palikuwa na ugomvi usiokwisha, maana kifua cha Bwana Utepe na kifua changu havikuwa usawa mmoja. Ikabidi tuchonge kijiti cha kipimo. Mti unapewa namba. Majani yake unayachuma na ua lake kama lipo, unayabana katikati ya magazeti na mbao mbili, unafunga mkanda, unayakausha, halafu unabandika lebo kwa gundi: jina la mti, jina la mahali, nani kachuma. Kama mchana kuna mvua unakausha kwa jiko la mkaa, na ukizubaa unachoma kazi ya juma zima. Nilichoma mara moja. Daktari alisema, "Shamte, umechoma elimu." Nikamjibu, "Mkuu, ilikuwa mbichi." Alikasirika, kisha akacheka peke yake hemani, tukamsikia.

Miaka ile ya mwanzo hapakuwa na jipiesi, yaani kile kidude cha satelaiti kinachokuambia uko wapi kwa tarakimu. Mahali palikuwa jina, basi. Ukijua jina unafika, usipojua hufiki. Na majina alikuwa nayo mtu mmoja tu mtumbwini.

Mwezi ule wa kwanza ulipoisha nilirudi kwenye kijito cha mama peke yangu nikakibandua kile kibao. Msumari ulitoka kwa shida. Walipouliza baadaye, nikasema maji yamekichukua. Maji ya Rufiji yamesingiziwa mengi, hilo halikuyaongezea uzito.

Baada ya hapo nikapata ufundi. Bwana Utepe akiuliza jina la mahali ambapo hapana shamba la mtu, namwambia kweli. Penye mashamba nampa jina langu. Kijito kimoja nikakiita Kajionee. Kingine Mtajijua. Kingine, siku nilipokuwa nimechoka na maswali, nikakiita Umetumwanani, naye akaniuliza kama ni neno moja au mawili. Yote yakaingia kwenye daftari, yakaenda kwenye ramani ya mkono, yakaenda kwenye lebo za majani. Daktari alipoiona ramani alitikisa kichwa. "Ninyi watu wa Pwani mna majina! Kajionee. Kwetu tunaita mahali kwa jina la mlima au la ukoo, ninyi mnaita kama mnagombana."

"Ndivyo tulivyo, Mkuu," nikamwambia.

Kila mwaka masanduku ya majani yakapanda gari kwenda Dar es Salaam na kupanda ndege. Na kila mwaka wakaja wanafunzi wapya, wapole, wenye kofia, wakimwaga jasho, wakijifunza kusema shikamoo hata kwa watoto. Nyoyo zao sikuzilaumu. Nilichokuwa nakiangalia ni upande mmoja wa mizani. Masanduku yanaondoka, watu wanakuja, na wetu "watakwenda".

Mkuu wa Kituo wa pili alikuwa mtu wa fomu. Alileta meza, akaleta ubao wa matangazo, akaupigilia ukutani pale bandani ambapo wasomaji tulikuwa watatu. Siku moja akabandika karatasi yenye muhuri: nafasi za kubadilishana, kwa wanafunzi na watumishi, majuma mawili kwenye chuo cha nje. Nikasoma mara mbili, herufi kwa herufi.

"Mkuu," nikamwambia, "mimi ni mtumishi?"

"Kwa mujibu wa barua yako ya ajira, ndiyo."

"Basi naomba fomu."

Akanitazama, akaitazama fomu. "Kwa mujibu wa fomu, Shamte, mtumishi ni mwenye cheti cha kidato cha nne."

"Kwa hiyo mimi ni mtumishi kwenye tope, kwenye ndege si mtumishi."

"Usinichokoze. Sikuitunga mimi."

Aliyekwenda alikuwa karani wa masijala kutoka makao makuu, ambaye delta aliijua kwa kuisikia. Aliporudi alipita kituoni kutuonyesha picha, amesimama penye theluji na koti la kuazima. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, umebadilishana nini huko?" Akasema, "Uzoefu." Nikamwambia, "Tuone." Akadhani namtania.

Sasa nifike kwa Zuhura, binti yangu, kwa sababu bila yeye kisa hiki ningeendelea kukificha mpaka kaburini. Zuhura alikuwa mtoto wa kubeba mpunga kichwani kutoka shamba la bibi yake mpaka mtumbwini, na baadaye kutoka shamba hilohilo chini ya mkono wa shangazi yake, dada yangu Bi Tatu, aliyelirithi. Akasoma, akafaulu, akachaguliwa chuo kikuu, chuo chetu kile kile, na kati ya masomo yote yaliyoumbwa akachagua misitu. Mama yake alifurahi. Mimi nilisema alhamdulillahi, kisha nikauliza nani kamshauri.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, chini ya Mkuu wa Kituo wa tatu, mama mmoja Daktari asiyepiga kelele, ambaye ukimdanganya anakaa kimya mpaka umalize mwenyewe, Zuhura akaja nyumbani ghafla Jumatano. Alishuka basi Nyamwage, akachukua bodaboda, akaingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Karatasi mkononi.

"Shikamoo baba. Nafasi imetoka. Muhula mzima, kule kwa Bwana Utepe. Wanataka mwanafunzi mmoja kutoka huku."

"Marahaba. Bwana Utepe si amestaafu?"

"Amestaafu, lakini majani yapo. Wanasema yako kabatini miaka yote na hawajui yalichumwa wapi. Lebo zina majina tu, na majina hayo kwenye ramani za sasa hayapo. Anayetaka nafasi apeleke kurasa mbili: majina manne, yako wapi, na nani anathibitisha. Mwisho Jumatatu." Akanitazama kwa furaha ambayo iliniuma. "Baba, nani ataniweza mimi? Nimezaliwa hapa."

Akatoa karatasi, akanisomea. Kajionee. Mtajijua. Umetumwanani. Sikumbuki.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

Nikasema nakwenda kuswali, na wakati wa sala ulikuwa bado.

Kesho yake Zuhura alizunguka kutwa kuuliza watu. Alirudi alasiri, ndala zimejaa tope, uso umevimba kwa hasira.

"Nimemuuliza Mwenyekiti wa Kitongoji Mtajijua ni wapi, kadhani namtukana. Nimemuuliza shangazi Kajionee iko wapi. Unajua kanijibu nini? 'Kajionee mwenyewe, mimi nina kazi.' Nikamuuliza bibi mmoja pale gengeni Umetumwanani. Kaniuliza yeye mimi nimetumwa na nani! Baba, wewe ndiye uliyewapeleka. Ulikuwemo mtumbwini."

"Ni zamani," nikasema.

Nitawaambia ukweli, maana sasa sina wa kumwogopa. Nilitaka akose. Nilikaa barazani nikapiga hesabu ya wasiwasi: miaka yote hawakumtaka hata mmoja wetu, leo wanamtaka binti yangu, na wanachotaka kutoka kwake ni majina. Si majani, majina. Nikajiambia, wameshindwa kunifungua mdomo mimi, wamepitia kwa mtoto. Nikinyamaza mpaka Jumatatu, hakuna aliyemkataza, nafasi imepita tu.

Mke wangu alinijia na ungo wake. "Shamte. Miaka yote unalia wetu hawaendi. Leo wa kwako anakwenda, unamwekea kauzibe."

"Wanamtumia. Wamejua ni mwanangu."

Zuhura alikuwa mlangoni, kumbe anasikia. "Hawajui, baba. Kwenye fomu jina la mwisho ni la babu. Kwao mimi si mtoto wa mtu yeyote."

Sijui kwa nini neno lile ndilo lililonivunja. Nikamwambia keti. Nikamweleza Kajionee, nikamweleza Mtajijua, nikamweleza kwamba Umetumwanani si neno moja wala mawili, ni swali. Mama yake alianza kucheka mapema mno, akaingia ndani na kanga mdomoni. Zuhura hakucheka.

"Baba, kuna tasnifu zimeandikwa na majina hayo. Nimezisoma maktaba. Moja imeandika, 'kwa mujibu wa msaidizi mwaminifu wa uwandani'."

"Sikuwatuma waandike mwaminifu."

"Na Sikumbuki?"

"Hilo sikulitunga. Aliniuliza, nikasema sikumbuki, akaandika." Ikawa kweli tupu, na bado haikuwa kweli yote.

Ijumaa asubuhi, kabla hatujashuka mtoni, Bi Tatu akanijia. Alishapata habari, na kwetu habari haihitaji pondo.

"Wee Shamte. Unataka kumpa mwanao majina?"

"Ni yake, dada. Ni ya kwao."

"Mpe. Huko kwingine kumeshakufa, nani atamfukuza nani? Lakini la mama liache. Mimi nalima bado." Akanishika mkono kama tunaagana. "Mimi sina kwingine, Shamte."

Ilikuwa bamvua, maji mazuri, tukaingia popote tulipotaka. Nilishika pondo mwenyewe. Alichosema Bi Tatu ndivyo kilivyokuwa: mto umehamisha mkondo wake, chumvi imepanda, mashamba niliyoyaficha kwa ujanja wote ule yamerudi kuwa michu mitupu. Nilikuwa nalinda mpunga ambao haupo. Kajionee nikamwambia jina lake, ni la mama mmoja aliyefungua shamba pale na wanawe wawili. Mtajijua ni Alipozama Ng'ombe, nikamweleza na ng'ombe alikuwa wa nani. Umetumwanani ni Penye Misikundazi Miwili, na ule mmoja upo bado. Zuhura akapima kwa jipiesi, akaandika, akapiga picha. Mara ya kwanza katika maisha yangu mtu aliandika mbele yangu na sikutazama pembeni.

Tukarudi. Tukafika kwenye mdomo wa kile kijito cha nne. Nikakaza pondo.

"Na hapa, baba?"

"Hapa pana tope baya. Tupite."

Kwa mbali, nyuma ya mikoko, lilionekana paa la dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, na ikasikika sauti ya mwanamke akiwatukana ndege kwa majina ya baba zao. Zuhura aliijua sauti ile tangu yuko mgongoni. Aliangalia dungu, akaniangalia mimi. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Sikuweza kujua anawaza nini, na mimi ni mtu wa kujua watu wanawaza nini.

Jumamosi nikaenda na Zuhura kituoni, kwa Mama Mkuu. Nikamweleza yote, ila lile moja. Akakaa kimya kama kawaida yake mpaka nikamaliza, na nilipomaliza akaendelea kukaa kimya.

"Mzee Shamte," akasema hatimaye, "wiki mbili zijazo tunakuaga. Cheti chako kimeshachapwa Ikwiriri. Kimeandikwa 'kwa uaminifu na uadilifu'."

"Mkichape upya, Mama."

"Kwa nini hukusema miaka yote?"

"Hakuna aliyeniuliza huku ameweka na yeye kitu chini."

Alifikiri. "Sema, binti yako aandike, wewe utie sahihi. Nitapeleka na barua yangu. Wakimkataa kwa ajili hiyo, watamkataa. Lakini kurasa zenye uongo hazitatoka kwenye kituo changu tena."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimeogopa aende, sasa naogopa asiende kwa sababu ya ulimi wangu. Zuhura akaandika: majina matatu ni ya uongo, haya ndiyo ya kweli, aliyedanganya ni baba yangu mzazi na sababu yake ni hii. La nne akaandika: mahali hapajatambuliwa. Nikatia sahihi. Sikumwuliza kitu.

Niliagwa kwa soda na pilau. Cheti changu kinasema "kwa utumishi wa muda mrefu". Kiko ukutani, kimenyooka, hakina uongo ndani yake. Juma lililofuata likaja jibu kwamba Zuhura amepata. Walisema, kwa alivyonisomea, kwamba katika maombi yote lake peke yake ndilo lililowaambia jambo wasilolitaka. Nikamwambia asome tena hapo, kuna mtego. Akasoma tena. Sikuuona mtego, lakini siapi.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka Nyamwage. Nikamwambia, "Ukifika angalia mlango wa kutokea ulipo." Akasema, "Sawa baba." Mama yake alilia kwa niaba yetu wote.

Sasa nimestaafu, nalima ufuta kidogo na goti moja linanisumbua. Vijana mnaniuliza kama mipango hii ya kubadilishana ni mizuri. Ombeni fomu, mwende, msiogope ndege. Ila mkifika, fungueni kikapu chenu pale wao wanapofungua chao, si kabla. Miezi hii ambayo Zuhura yuko huko, kituo kimempokea kijana wa kule, amekuja badala yake, mmoja kwa mmoja, hatimaye. Alinijia nyumbani na daftari. Nikamtajia majina ya vijito, ya kweli. Kisha nikachukua daftari langu, hili hili, nikamwambia na yeye anitajie jina la kijito cha kijijini kwao. Akatazama dari, akanitajia. Nimeliandika. Kama ni la kweli, sijui.

Juzi alasiri Zuhura alipiga simu. Yuko kwenye chumba cha makabati. Anasema majani niliyoyabana mimi yako vilevile, mengine yana alama ya kidole kwenye gundi, na kidole ni changu. Nikamuuliza ufunguo wa kabati anao nani. Akasema, "Wiki hii ninao mimi."

Akanieleza sheria yao. Lebo ya zamani haibanduliwi, hata kama ni ya uongo. Unaiacha, unabandika nyingine chini yake yenye jina sahihi, tarehe, na jina lako wewe uliyesahihisha. Kwa hiyo Kajionee ipo na itakuwepo, na chini yake jina la yule mama, na chini yake Zuhura. Nikamwambia hiyo ni sheria nzuri kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza nani kaitunga.

"Imebaki droo moja, baba," akasema. "Mkoko, majani sita na ua. Lebo inasema Sikumbuki. Gundi ninayo hapa. Niandike nini chini yake?"

Mke wangu alikuwa karibu, ungo umesimama tena.

"Sikumbuki, mwanangu," nikamwambia.

Halafu nikasikia droo inasukumwa mpaka mwisho.

"Hata mimi," akasema.